Gari imegoma kuvuta njia ya Manyoni

Jamani jana roho ilikuwa mkononi. Natoka Dom naenda Singida, Bahi nimepita fresh kabisa, ile naanza kupandisha kuelekea Manyoni nakanyaga mafuta injini inalia, mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unapanda lakini gari haivuti, kama kuna mtu kaishikilia nyuma. Nikapaki, nikaiacha ipoe, nikageuza mdogo mdogo.

Leo fundi kafungua sampu ya giaboksi (lile bakuli la oili la chini), oili nyeusi tii inanuka kuungua, zile sumaku zimejaa unga wa chuma. Kumbe gereji niliyofanya sevisi mwanzo waliweka ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, kwenye giaboksi ya CVT!! Hii haina gia za kupanda moja moja, ni mkanda wa chuma unabanwa na puli mbili, na oili yake ndo inafanya mkanda ushike usiteleze.

Tumebadili filta, tumeweka CVTF yenyewe, ile oili maalum ya CVT, kipimo tumeangalia ikiwa ya moto. Mpaka Kikuyu hapa hapa Dom na kurudi imevuta vizuri ila fundi kasema tuisikilizie kwanza, kama mkanda umeshachubuka inabadilishwa giaboksi nzima. Naomba Mungu isifike huko, hii gari ndo inampeleka mama kliniki.