Chai Iliyonichoma Shingoni

Mwezi wa mahafali yangu ulipofika, chupa yangu ya mililita 50 ilikuwa imebaki na manukato ya unene wa kidole kimoja tu. Mama mdogo ndiye aliyenipa miaka miwili kabla, akiniambia kwamba kijana anayetoka jasho kama mimi hana sababu ya kujipaka manukato mazito ya vanila na udi wakati wa joto. Yalikuwa ni Green Tea ya Elizabeth Arden, yaliyotoka mwaka 1999 na kutungwa na Mfaransa Francis Kurkdjian, ingawa siku zile sikulijua jina la mtunzi wala sikuwa na habari kwamba manukato huwa na mtunzi. Nilichokijua ni kwamba nilipojipulizia asubuhi, ilitangulia harufu ya ganda la limau, halafu ikafuata nyingine, nyepesi na kavu kidogo, kama mvuke wa kikombe ambacho mtu amekipitisha karibu na uso wako na kwenda nacho zake. Baada ya saa mbili hakikuwa kimebaki kitu.

Kutoweka huko ndiko kulikoimaliza chupa. Ngozi yenye joto huyarusha manukato hewani upesi, na yaliyo mepesi ndiyo hutangulia kuondoka. Yale mazito hubaki, lakini hubaki yakiwa yamevimba, hata aliyekaa kiti cha tatu anayasikia na kutamani dirisha. Mimi nilichagua wepesi, na gharama yake ilikuwa kujipulizia mara tatu, nne kwa siku.

Basi nikaona nitengeneze yangu. Hesabu niliyoipiga ilionekana haina kasoro: haya ni manukato ya chai, chai ya kijani imo kabatini, na spiriti ya dawa imo sandukuni. Nilijaza majani kwenye chupa ya jamu iliyooshwa, nikamimina spiriti mpaka yakafunikwa, nikakaza kifuniko na kuiweka dirishani. Siku ya pili maji yale yalikuwa kijani kibichi cha kupendeza kabisa, rangi ambayo ungeweza kudhani imetoka kiwandani. Siku ya tano, kwa kuwa jua lilikuwa likiyapiga kutwa, yaligeuka rangi ya zeituni iliyokomaa. Nilichuja kwa kitambaa, nikanusa, na nikakaa kitako kufikiri, kwa sababu kilichokuwa ndani ya chupa hakikunukia chai hata kidogo. Kilinukia nyasi kavu zilizonyeshewa na mvua, na nyuma yake ile harufu ya chumba cha sindano.

Mtu mwenye busara angemwaga. Mimi nilikumbuka kwamba ile chai iitwayo Earl Grey hupata harufu yake kwa mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya michungwa na malimau ambalo hulimwa zaidi Calabria, kusini mwa Italia, na ambalo thamani yake imo katika ganda lake. Nyumbani kulikuwa na kichupa cha mafuta hayo, yaliyokamuliwa moja kwa moja kutoka kwenye ganda, kwa ajili ya kutia harufu chumbani. Nilihesabu matone 20 ndani ya chupa tupu ya mama mdogo, ambayo nilikuwa nimeing'oa kichwa kwa koleo, nikajaza maji yangu ya zeituni na kukirudisha kichwa kwa nguvu. Nilitikisa, nikapuliza hewani mara moja. Ilikuwa harufu nzuri mno. Leo najua kwamba nilikuwa nikiisifu bergamoti peke yake, lakini siku ile niliamini kwamba chai imeitikia.

Mahafali yalifanyika uwanjani, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba na nusu mchana, bila turubai upande wetu. Nilikuwa nimejipulizia mara nne kila upande wa shingo, kwa ukarimu wa mtu asiyenunua, kiasi kwamba maji yalitiririka kutoka chini ya sikio hadi kwenye mfupa wa bega kabla hayajakauka. Kabla ya kuitwa jina langu nilikuwa tayari nimeaibika, kwa maana kola ya shati jeupe ilikuwa na mkanda wa rangi kati ya kijani na kahawia, na mwenzangu wa kushoto aliniuliza kwa upole kama nimeumia. Nilidhani hasara imeishia hapo.

Haikuishia hapo. Usiku wa siku iliyofuata shingo ilianza kuwaka, na kesho yake asubuhi kulikuwa na michirizi myekundu, miwili kulia na mmoja kushoto, yenye malengelenge madogo. Uwekundu ulipopoa baada ya siku kadhaa, michirizi ilibadilika kuwa kahawia iliyoiva, mipana juu na myembamba katikati, ikiishia kwa tone chini, sawasawa na njia ambayo manukato yalipita. Ungeweza kuifuata kwa kidole na kujua nilishika chupa vipi.

Daktari aliitazama kwa muda mfupi kuliko nilivyotarajia, kisha akauliza, "Ulijipaka nini kabla ya kutoka juani?" Nilipomtajia bergamoti alitabasamu. Alinieleza kwamba ganda la tunda hilo lina kemikali iitwayo bergapteni, ambayo yenyewe ni mpole mpaka iguswe na miale ya jua ikiwa juu ya ngozi. Hapo huunguza, na ngozi hujibu kwa kutengeneza rangi nyingi. Maradhi haya yana jina lililotokana na neno la Kifaransa la kidani, kwa sababu ya umbo hilo la tone linaloning'inia, na waliougua zaidi zamani walikuwa watumiaji wa maji ya Cologne, yale manukato mepesi yaliyopata jina lao kutokana na mji wa Ujerumani ambako Mwitaliano Johann Maria Farina aliyatengeneza mwanzoni mwa karne ya 18, na ambayo bergamoti ni mojawapo ya nguzo zake. Watengenezaji wa sasa huyaondolea mafuta hayo bergapteni, au hujiwekea kikomo kikali. Baadaye nilikutana na kikomo chenyewe katika kanuni zao: asilimia 0.4 kwa bidhaa inayobaki kwenye ngozi. Matone yangu 20 ni kama mililita moja katika 50, yaani asilimia 2. Nilikuwa nimezidisha mara tano, kisha nikaenda kukaa juani saa nne na nusu.

Jambo la chai lilinisumbua zaidi ya shingo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ile harufu ya mvuke haikutolewa kwenye majani, ilitungwa. Jean-Claude Ellena, mtunzi wa manukato Mfaransa, alizinusa chai za duka la Mariage Frères mjini Paris, kopo baada ya kopo, na hatimaye akaisimamisha harufu hiyo kwa kuoanisha dutu mbili za maabara: hedioni, yenye wepesi wa asumini na hewa, ambayo ilikuwa imejulikana tangu manukato ya Eau Sauvage ya Dior ya mwaka 1966, na iononi, yenye harufu ya maua ya urujuani. Zilikuja kutoka mwaka 1992 ndani ya manukato ya Bvlgari ya chai ya kijani, na manukato ya chai yaliyofuata, pamoja na yale niliyopewa, yalipita njia aliyoifungua. Iononi imo hata kwenye majani halisi ya chai, lakini kwa kiasi kidogo ambacho chupa yangu ya jamu isingeweza kamwe kukitenga na nyasi.

Michirizi ilikaa shingoni kwa karibu miezi mitano. Mama mdogo alipokuja kunipongeza aliiona kabla hata ya kukaa, akanitaka nimwonyeshe nilichojipaka. Alifungua, akanusa mara mbili, akaitazama chupa aliyoninunulia jinsi ilivyokwaruzwa na koleo.

"Mwanangu," alisema, "hii inanukia ndimu iliyoanguka zizini."

Kisha akaimwaga kwenye sinki, akaisuuza, na kunirudishia tupu.