Mariners walivyotupeleka mpaka Oktoba

Watu wa nyumbani wakiniuliza huku Marekani nashabikia nini, hutegemea nitaje mpira wa kikapu. Nikisema besiboli, wanaguna. Mdogo wangu aliyeko Tanga aliniuliza, "Kaka, ule mchezo wa kusimama?" Namwelewa. Sisi tumekulia kwenye Simba na Yanga, ambako kufungwa mechi moja kunaweza kukunyima raha wiki nzima. Besiboli inachezwa karibu kila siku kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, mechi 162 kwa kila timu. Ukifungwa leo, kesho jioni wanaingia tena uwanjani, na wewe unarudi. Kwa mtu aliye mbali na kwao, mwenye jioni nyingi zinazofanana, hiyo ni neema kubwa.

Ninaishi Kent, kusini mwa Seattle, na kama Waafrika Mashariki wengi wa huku nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya jioni. Wakishakula na kumeza dawa, mzee mmoja hufungua redio kusikiliza mechi. Anaifuata Seattle Mariners tangu ilipoanzishwa mwaka 1977. Mbele yake kuna penseli na karatasi ya kuandikia mechi, na ndiye aliyenifundisha kuijaza. Kila nafasi uwanjani ina namba yake: mrushaji ni 1, mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ni 2, wa besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza ambacho mpigaji hukimbilia, ni 3. Mpira ukiburuzika chini, wa 6 akauokota, akamtupia wa 4, naye akamtupia wa 3, unaandika 6-4-3, na wapinzani wawili wameshatoka kwa pigo moja. Mpigaji akikosa mara tatu unaandika K. Akitolewa amesimama tu, gongo halijatikisika, K unaiandika imegeuka nyuma. Mikono ya mzee inatetemeka siku hizi, kwa hiyo msimu wa 2025 mwandishi nilikuwa mimi, yeye akisahihisha.

Ili uelewe uzito wa mwaka ule, ujue kwamba kati ya timu 30 za ligi kuu, Mariners peke yao hawajawahi kufika fainali ile inayoitwa World Series. Mwaka 2001 walishinda mechi 116, sawa na rekodi ya ligi, kisha Yankees wa New York wakawatoa. Baada ya hapo hawakugusa mechi za mtoano hadi 2022. Mzee huizungumzia 2001 kama msiba wa juzi.

Msimu ulianza na majeruhi. George Kirby, mmoja wa warushaji tegemeo, alikuwa anauguza bega. Victor Robles aliumia Aprili akikimbilia mpira. Logan Gilbert naye akakaa nje. Kilichotuweka hai ni mdakaji, Cal Raleigh. Mdakaji ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote uwanjani: anachuchumaa na kuinuka mechi nzima, anapigwa na mipira, anasoma kila mpigaji na kumwelekeza mrushaji wake. Hakuna anayemdai homurani nyingi, yaani mpira unaovuka ukuta. Raleigh kufika mapumziko ya Julai alikuwa nazo 38.

Na wiki hiyohiyo ya kabla ya mapumziko ilikuwa na kila kitu. Kule New York walipoteza mechi zote tatu. Ya mwisho iliuma zaidi, kwa sababu mrushaji wetu Bryan Woo aliwarushia Yankees awamu saba nzima, kati ya tisa za mechi ya kawaida, bila kuruhusu pigo hata moja, na bado tukafungwa 6-5. Mzee aliweka penseli chini, akaomba alazwe. Wakatoka hapo wakaenda Detroit, kwa timu iliyokuwa inatamba wakati huo, wakashinda zote tatu, moja kwa 15-7. Nilianza kuwaamini hapo.

Mwisho wa Julai uongozi ulinunua wapigaji wawili kutoka Arizona, Josh Naylor na Eugenio Suárez. Agosti wakaanza vizuri, halafu wakasafiri mashariki wakaharibu. Philadelphia waliwafunga mara tatu mfululizo. Kazini watu walishaanza kuongea habari za mwakani. Septemba wakafufuka, wakashinda mechi 17 kati ya 18, zikiwemo tatu kwa mpigo nyumbani kwa Houston, mahasimu waliokuwa sawa nao kileleni. Tarehe 24 Septemba, dhidi ya Colorado, Raleigh alipiga homurani ya 59 na ya 60. Hakuna mdakaji aliyewahi kukaribia hapo. Rekodi ya wadakaji kabla yake ilikuwa 48, na ya klabu ilikuwa 56, ya Ken Griffey Jr. Usiku huohuo wakatwaa ubingwa wa kanda yao, wa kwanza tangu 2001.

Mtoano wa kwanza ulikuwa na Detroit, na ukafika mechi ya tano, ya kuamua, Ijumaa tarehe 10 Oktoba. Ilianza saa kumi na moja jioni. Tarik Skubal wa Detroit aliwatoa wapigaji wetu 13 kwa K. Nilichoka kuiandika herufi hiyo. Kwenye awamu ya saba Leo Rivas, kijana wa benchi aliyekuwa anatimiza miaka 28 siku hiyohiyo, akasawazisha, 2-2. Awamu ya tisa ikaisha. Ya kumi. Ya kumi na moja. Karatasi ikaisha nafasi, nikaiunganisha na nyingine kwa gundi ya plasta. Gilbert na Luis Castillo, ambao kwa kawaida huanzisha mechi, waliletwa wamalizie kwa sababu hakuna kesho ya kuwatunzia. Dada Mkenya anayenipokea zamu alifika, akaniambia niende nikapumzike. "Dada, niwie radhi, leo sitoki hapa." Akavuta kiti.

Awamu ya 15, J.P. Crawford akafika besi ya tatu, besi zote zikajaa, Jorge Polanco akapiga mpira ukapita katikati, Crawford akafika besi ya mwisho, inayoitwa nyumbani, na hiyo ndiyo alama. 3-2. Rick Rizzs alikuwa anapaza sauti redioni, mzee analia, mimi nimemshika mabega, na yule dada, ambaye hakuwa anaijua timu yoyote, anapiga vigelegele hadi wazee wengine wakaamka. Haijawahi kuwepo mechi ya kuamua iliyokwenda mbali hivyo katika mtoano wa ligi kuu. Nilipompigia mdogo wangu, Tanga ilikuwa imeshapambazuka Jumamosi, anakunywa chai. Alisikiliza maelezo yote mpaka mwisho, namshukuru.

Ikaja Toronto, kizingiti cha mwisho kabla ya World Series, ambako anayetangulia kushinda mechi nne ndiye anayepita. Tulishinda mbili za kwanza kwao Kanada, tukafungwa mbili nyumbani, tukashinda ya tano kwa homurani ya Suárez iliyoingiza watu wanne kwa pigo moja. Tulihitaji moja tu. Ya sita tukafungwa. Ya saba, tarehe 20 Oktoba, tulikuwa mbele 3-1 hadi awamu ya saba. Walibaki wapinzani 8 tu wa kutolewa, na Mariners wangekuwa World Series. Woo aliacha wapinzani wawili kwenye besi, kocha Dan Wilson akamleta Eduard Bazardo, na George Springer akaupeleka mpira nje ya ukuta. 4-3, na ikabaki hivyo.

Maoni yangu sijayabadilisha: pale angeletwa Andrés Muñoz, mrushaji bora wa kumalizia mechi. Najua huwa anatunzwa kwa ajili ya awamu ya mwisho. Lakini hatari ilikuwa awamu ya saba, na mtu bora huletwa penye hatari. Mzee hakubaliani nami. Anasema Bazardo ndiye aliyewabeba mwaka mzima, na alistahili kuaminiwa. Tumebishana hivyo majira yote ya baridi, kila mtu na karatasi zake za ushahidi.

Kesho yake kwenye treni nilikuwa nimevaa kofia ya Mariners. Mwanamume aliyeketi mbele yangu, naye anayo, alitikisa kichwa tu, nikatikisa changu. Miaka niliyoishi huku nimezoea kuulizwa natoka wapi. Asubuhi ile hakuna aliyeniuliza.

Naylor amesaini mkataba wa miaka mitano, na hilo limetutuliza kidogo. Mzee ameshaagiza karatasi mpya za kuandikia mechi, safari hii zenye nafasi ya awamu nyingi zaidi, na ananisumbua nimwambie mapema zamu zangu za Machi.