Nilivyotatua maswali ya umbali wa kusimama katika mtihani wa leseni ya kujifunzia

Alama za barabarani kijana huzishika upesi. Kinachoangusha ni umbali wa kusimama, yaani mita gari linazokwenda tangu dereva aone hatari hadi lisimame, maana wengi hukariri jedwali. Swali likibadili mwendo kidogo tu, wamekwama.

Dawa niliyoipata ni hesabu. Gawanya kilomita kwa saa kwa 3.6 upate mita kwa sekunde: mwendo wa 50 ni karibu 14. Hizo ndizo mita gari linazokwenda katika sekunde 1 ya kushtuka, kabla mguu haujakanyaga breki. Breki nazo, kwenye lami kavu, hula takriban mita 14 nyingine. Jumla 28.

Sasa mwendo uwe 100. Umbali wa kushtuka huongezeka mara 2, yaani 28, lakini wa breki huongezeka mara 4: 56. Jumla ni 84, wala si 56 kama akili inavyoshawishi. Mtego uko hapo. Lami ikilowa, sehemu ya breki tu ndiyo hurefuka. Ya kushtuka haibadiliki.

Baadhi ya vitabu vya mafunzo huhesabu kushtuka kwa sekunde pungufu au zaidi, kwa hiyo tumia kipimo cha kitabu rasmi cha nchi unakofanyia mtihani.