Siku Mjomba Alipofungua Sampu ya Spacio

Gari la baba lilikuwa Toyota Spacio, na ndilo lililotulisha pale Bombo kwa miaka. Alikuwa akibeba abiria wa kukodi kwenda Kampala, kilomita 35 hivi, akirudi jioni na unga, sukari na karo ya wadogo zangu. Macho yake yalipoanza kupungua nuru, usukani nikaushika mimi, binti yake wa kwanza. Mwaka 2014 giaboksi ikaanza kusumbua. Asubuhi gari likiwa bado baridi, naweka D, gia ya kwenda mbele, naachia breki, kimya. Nangoja kidogo, kisha linaruka mbele kwa kishindo mpaka abiria wa nyuma anashika kiti.

Fundi mmoja wa barabarani alilisikiliza, akanambia maneno ambayo kila mwenye gari la otomatiki Uganda ameshaambiwa: usithubutu kubadilisha oili ya giaboksi, ukiibadilisha tu inakufa. Ushauri wake ulikuwa nitafute giaboksi nzima iliyotumika kutoka Japani. Fedha zenyewe zingetoka wapi? Usiku ule nilikaa na mama tukihesabu, na kila tulipohesabu ilibidi mmoja wa wadogo zangu akae nyumbani asisome.

Kesho yake nikaenda kwa mjomba, kaka yake mama, aliyekula ujana wake katika karakana ya jeshi. Nikamsalimu, akaitikia, akaniuliza swali moja tu: "Dipstiki umeivuta?"

Tukaivuta pamoja, ile fimbo nyembamba ya kupimia oili ya giaboksi. Oili ya giaboksi ikiwa mpya ni nyekundu kama juisi ya choya. Ile ilikuwa ya kahawia iliyokolea, na mjomba alipoisugua kwa vidole akaninyoshea ninuse. Harufu ya kuungua ilikuwepo, ila si kali. "Kama ingekuwa nyeusi na inanuka breki zilizoungua, ningekuambia habari nyingine," alisema. "Hii bado ina maneno ya kusikilizwa."

Ndipo akanieleza, na nilimwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa mwalimu yeyote. Kwenye gia za mkono, oili inalainisha meno tu. Kwenye otomatiki, oili yenyewe ndiyo mfanyakazi. Pampu inaivuta kupitia filta iliyo chini ndani ya sampu, yaani bakuli la oili lililofungwa chini ya giaboksi, inaisukuma kwenye njia nyembamba, na presha hiyo ndiyo inayobana klachi za ndani, sahani zinazoshikana kupitisha nguvu ya injini, mpaka gari likatembea. Filta ikianza kuziba, au oili ikichoka, presha inachelewa kufika, klachi nazo zinachelewa kushika, halafu zinashika kwa hasira. Nikamtajia maneno ya fundi. Akatikisa kichwa. "Giaboksi inayokufa baada ya oili mpya ilikuwa imeshakwisha, mwanangu. Klachi zimelika, na ule uchafu wa oili nzee ndio ulikuwa unazisaidia kushika. Yako haijafika huko."

Kwenye kichwa cha dipstiki kulikuwa na maandishi madogo, jina la aina ya oili inayotakiwa: T-IV. Akanituma Kampala, soko la vipuri la Kiseka, niyafuate maandishi hayo na nisikubali kubadilishiwa. Muuzaji wa kwanza alinipa chupa ya aina nyingine akisema ATF zote, yaani oili za giaboksi za otomatiki, ni damu moja. Nikamshukuru, nikaendelea kuzunguka mpaka nikapata T-IV, filta na gasketi ya sampu, ule utepe wa kuziba ukingo wake oili isivuje. Nashikilia jambo hili mpaka leo: mhandisi aliyeliunda gari ameandika anachotaka, basi asomwe.

Jumamosi tukalitembeza gari kidogo oili ipate uvuguvugu, kwani oili baridi inatoka kivivu na inaacha takataka chini. Si ya moto sana. Ile inachoma mkono. Mjomba hakukubali kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Aliazima stendi za chuma, akaweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, akalisukuma gari kwa bega kabla ya kuingiza kichwa. Baba alikuwa ameketi kwenye mkeka kivulini, akisikiliza kila spana ilivyogonga.

Tukafungua nati ya chini, oili ikamwagika kwenye beseni. Mjomba akaipima yote, tone kwa tone, kwa chupa zile zile tulizonunua. Ilifika zaidi kidogo ya lita tatu. Sharti lake lilikuwa kwamba tukijaza, tuanze na kiasi kile kile kilichotoka, halafu dipstiki iseme iliyobaki.

Sampu iliposhuka, ndani yake zilikuwa zimebandikwa sumaku ndogo. Hapo nikaona moyo unanienda mbio, maana mjomba alikuwa amenieleza tangu asubuhi kwamba hukumu iko kwenye sumaku. Zilikuwa zimevaa tope la kijivu, laini, zito. Akalichukua kwa kidole, akalisugua mbele ya jua, akalitafuta jambo. Vipande vya chuma vyenye ncha, au chembe za shaba zinazomeremeta, vingekuwa habari mbaya. Havikuwepo. "Huu ni mchango wa kawaida wa miaka," alisema, na baba kule kwenye mkeka akasema alhamdulillahi kwa sauti.

Filta ilishikwa na bolti chache tu. Ilipolegea ikatema oili nyingine juu ya mkono wangu. Sampu tukaiosha kwa petroli, tukaikausha kwa kipande cha shuka kuukuu. Taulo aliikataa, kwa sababu nyuzi zake zingebaki ndani na kwenda kuziba kile tulichokuja kukizibua. Gundi ya silikoni ya kuzibia ukingo vilevile aliikataa. Ikipakwa nyingi inamenyeka vipandevipande, ikasafiri na oili. Gasketi mpya ilikaa kavu mahali pake. Kwenye kukaza, alishika spana ndogo karibu kabisa na kichwa chake ili mkono usipate nguvu ya kupita kiasi, akakaza bolti kwa kupishana, upande huu kisha ule, kwani mwili wa giaboksi ni alumini na nyuzi za matundu yake ya bolti hukatika upesi.

Oili mpya inaingilia kwenye tundu lile lile la dipstiki, kwa faneli yenye mrija mwembamba. Tulipomaliza kumimina nikawasha injini, mguu kwenye breki, nikapitisha mkono wa gia kutoka P, ya kuegesha, mpaka L, ya mwisho, nikitua kila mahali, nikarudi P. Injini ikiwa bado inanguruma, gari limesimama sawasawa, tukapima. Tukaongeza kidogo. Ikizidi, oili inapigwa mpaka inatoa povu, na povu halina presha.

Baba akaomba tumpandishe kiti cha mbele. Tukaenda hadi Matugga, njia ya Kampala, na kurudi, kisha tukapima tena ikiwa ya moto. Siku ile mshtuko ulipungua, haukuisha, na mjomba alikuwa ameshanionya. Sehemu kubwa ya oili hubaki ndani ya konveta, lile dude la duara lililo kati ya injini na giaboksi, na kufungua sampu hakuigusi. Kwa hiyo baada ya wiki kadhaa za kazi nilitoa tena kwa nati ya chini, nikapima, nikarudisha kiasi kile kile. Filta sikuigusa. Safari hii iliyotoka ilikuwa na wekundu, na asubuhi iliyofuata niliweka D, nikaachia breki, gari likaondoka palepale.

Oili chafu yote aliichukua jirani kupaka nguzo za zizi lake dhidi ya mchwa. Wadogo zangu wote walirudi shule muhula ule.