Chakula cha Liwali

Somo: Nehemia 5:14-18

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nehemia, liwali wa Yuda, alikuwa na haki ya kula chakula cha liwali. Maliwali waliomtangulia walitoza watu chakula na divai, na juu yake shekeli 40 za fedha, yaani karibu nusu kilo. Ilikuwa stahili ya cheo. Yeye alikaa miaka 12 bila kuigusa, ingawa mezani pake walikula watu 150, na kila siku alichinjwa ng'ombe mmoja na kondoo sita. Sababu yake ni moja: mzigo wa watu ulikuwa mzito. Mwanzo wa sura hiyohiyo tunawaona watu hao wakiweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka, na wakikopa ili walipe kodi ya mfalme.

Angalia kwamba Nehemia hasemi posho ile ilikuwa wizi. Hapo ndipo somo hili linapotubana, kwa sababu mafao manono ya wakuu wa kampuni zinazozama mara nyingi nayo ni halali kabisa. Yameandikwa, yamewekwa sahihi.

Chukueni mfano wa Royal Bank of Scotland ya Uingereza. Mwaka 2007 benki hiyo iliongoza ununuzi wa benki ya ABN AMRO ya Uholanzi kwa zaidi ya euro bilioni 70, mtaji wake ukabaki mwembamba, na Oktoba 2008 serikali ikalazimika kuiokoa. Fedha za walipakodi zilizoingia humo hatimaye zilifika pauni bilioni 45. Hasara ya mwaka 2008 peke yake ilikuwa pauni bilioni 24.1. Mkurugenzi wake mtendaji, Fred Goodwin, aliondoka akiwa na miaka 50, na pensheni ya takriban pauni 700,000 kwa mwaka, ianze mara moja.

Iliwezekanaje? Katika mfuko wa pensheni wa benki ile umri wa kustaafu ulikuwa miaka 60. Anayeondoka mapema kwa kawaida hupunguziwa pensheni, kwa kuwa atalipwa kwa miaka mingi zaidi. Lakini kulikuwa na njia nyingine: mtu akiondoka mapema kwa ombi la mwajiri, anaweza kupewa yote bila kupunguziwa. Bodi ikamhesabu hivyo badala ya kumfukuza. Uamuzi huo ulipandisha fungu lake la pensheni kutoka kama pauni milioni 8 hadi zaidi ya milioni 16. Waziri aliyehusika alisema baadaye kwamba hakuelezwa kuwa nyongeza ile ilikuwa hiari ya bodi. Benki ilikuwa na maelezo yake. Vyovyote ilivyokuwa, swali la hiari au lazima ndilo lililobeba pauni milioni 8. Juni 2009, akiwa ameshachukua sehemu ya mafao kwa mkupuo, Goodwin alikubali mwenyewe pensheni ishuke hadi pauni 342,500. Serikali ilikuwa imetafuta njia ya kisheria ya kuipunguza, haikuipata.

Sasa mtazameni mfanyakazi wa kawaida. Nchini Tanzania sheria ya kazi inampa anayeachishwa angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka 10. Aliyetumikia miaka 20 anaondoka na siku 70, na akifukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati hata hizo. Kenya ni siku zisizopungua 15 kwa mwaka kwa anayepunguzwa kazini. Mlinzi wa geti akiiba mafuta ya jenereta, kiinua mgongo kimepotea. Mkuu akiizamisha kampuni nzima kwa uamuzi mbaya, mkataba wake mara nyingi hauhesabu hilo kuwa kosa.

Hatusemi wanyimwe kila kitu. Michango ya pensheni waliyokwisha kuchangia ni yao, na mshahara wa notisi ni ujira. Yakobo 5:4 haibagui ujira wa nani. Tena yuko meneja anayeitwa kuja kuokoa kampuni iliyokwisha kuoza. Huyo akidai uhakika wa malipo kabla ya kuacha kazi nzuri aliyonayo, ana hoja. Tunachokikataa ni nyongeza ya hiari, ile ambayo bodi inaigawa ili mtu aondoke kimyakimya, huku wafanyakazi wakidai mishahara ya miezi.

Kwa hiyo ninyi mnaokaa kwenye bodi za SACCO, hospitali za kanisa, shule na kampuni, kazi yenu iko kwenye kikao cha kuajiri. Notisi iwe miezi 6. Mwongozo wa Uingereza wa uongozi wa kampuni wenyewe unataka isivuke mwaka mmoja. Sehemu ya bonasi ishikiliwe miaka 3. Sababu za kuidai irudishwe ziandikwe wazi: kampuni kufilisika, kuokolewa kwa fedha za umma, hesabu kupikwa, makato ya NSSF ya wafanyakazi kukatwa yasiwasilishwe. Kampuni ya ujenzi ya Carillion, pia ya Uingereza, mwaka 2016 ilibana sababu zake za kudai bonasi irudishwe zikabaki mbili tu, hesabu zisizo sahihi na utovu mkubwa wa nidhamu. Januari 2018 ikaanguka, ikiwa na pauni milioni 29 benki na madeni karibu bilioni 7. Kuanguka hakukuwemo katika orodha.

Na wekeni mpangilio wa kulipa: malimbikizo ya wafanyakazi kwanza, mafao ya mkuu baadaye.

Wiki hii someni Nehemia 5 yote. Aliye kwenye bodi aombe mkataba wa mkurugenzi aliyepo sasa, atafute kifungu cha kuondoka mapema, na amtake mtaalamu wa hesabu za pensheni aandike gharama yake yote kwa tarakimu moja, pamoja na jina la mwenye hiari ya kuiidhinisha.