Dripu ya mtoto wa upasuaji: tazama chumvi kwanza

Wazazi wakishajua kuwa mimi ndiye nitakayemlaza mtoto wao usingizi, wengi huniomba kitu kilekile: "Dada, hajala tangu jana usiku, mwekee basi ile dripu ya glukosi apate nguvu." Nawaelewa. Mtoto ana miaka miwili, analia njaa, na kwetu glukosi ndiyo nguvu yenyewe. Lakini glukosi tupu, yaani dekstrosi 5%, ni dripu nisiyomtundikia mtoto aliye kwenye meza ya upasuaji, na nataka wazazi wajue sababu. Nataka zaidi wadogo zangu mnaoanza kazi hii ya usingizi mwijue.

Mfuko wa dekstrosi 5% hauna sodiamu, yaani ile chumvi, hata chembe. Glukosi iliyomo mwili huitumia, yakabaki maji matupu. Siku ya kawaida figo zingeyatoa kwa mkojo, mambo yakaisha. Mtoto wa upasuaji hana bahati hiyo. Maumivu, hofu, kutapika, kisu chenyewe, hata baadhi ya dawa tunazompa, vyote huchochea homoni ya ADH, ambayo huzifanya figo zizuie maji. Maji yanaingia, hayatoki. Sodiamu ya damu, ambayo kawaida ni kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita, inaanza kushuka, na maji yanahamia ndani ya seli. Seli za ubongo huvimba kama maharage yaliyolowekwa, na fuvu la mtoto lina nafasi ndogo sana ya ziada.

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kutapika na kusinzia. Sasa mfikirie mtoto aliyetoka kukatwa tonsili, yuko wodini anatapika na kusinzia. Nani atashtuka? Wote watasema dawa ya usingizi haijamwisha. Watu huja kushtuka kwenye degedege, na wakati huo tumeshachelewa.

Tulifikaje kuwapa watoto maji yenye chumvi kidogo? Mwaka 1957 Malcolm Holliday na William Segar, wa Marekani, walichapisha hesabu ya maji ya dripu ambayo hadi leo kila mmoja wetu anaikariri. Kwa saa, mililita 4 kwa kila kilo kwenye kilo 10 za kwanza, 2 kwa kila kilo kwenye 10 zinazofuata, na 1 kwa kila kilo inayozidi hapo. Ni hesabu nzuri, naitumia kila siku. Tatizo liko kwenye chumvi: waliikadiria kwa kutazama kiasi kilichomo kwenye maziwa, na kutokana na hapo yakaenea maji yenye sodiamu 30 hivi kwa lita. Mtoto anayenyonya akiwa mzima na mtoto aliyepasuliwa hawafanani. Watoto waliokuwa na afya njema walikufa baada ya upasuaji mdogo tu. Mwaka 2007 Uingereza iliagiza mifuko ya aina hiyo iondolewe kwenye wodi za kawaida za watoto, na mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikaelekeza kwamba wagonjwa wa kuanzia siku 28 hadi miaka 18, kwa sehemu kubwa, wapewe maji ya matunzo, yaani yale ya kumtosheleza asiyeweza kunywa, yenye chumvi inayolingana na ya damu. Wachanga wa chini ya siku 28 wana hesabu zao, siwagusi hapa.

Kwenye rafu zetu chaguo si nyingi. Kuna Ringer lakteti, sodiamu yake ni 130 hivi. Kuna nomo salaini, yaani maji ya chumvi ya kawaida, 154, ambayo ikipita nyingi kloridi yake huongeza asidi kwenye damu. Kuna nusu Darrow yenye dekstrosi, ambayo wengi tumekua nayo wodini, lakini ina sodiamu 61 tu, na kwa mtoto aliye mezani haitoshi. Mimi nachukua Ringer.

Tuseme ni mtoto wa kilo 12, amekuja kwa ngiri. Hesabu yake ni 40 na 4, jumla mililita 44 kwa saa. Kwenye bureti, kile chombo cha kupimia maji kinachokaa chini ya mfuko, ya matone madogo, matone 60 ni mililita moja, kwa hiyo 44 kwa saa ni matone 44 kwa dakika. Namimina ndani ya bureti kiasi cha saa moja tu, nafunga klempu, yaani kibano, ya juu. Siunganishi mfuko wa nusu lita moja kwa moja kwenye kanula, ule mrija wa mshipani, ya mtoto; ukifunguka bila mtu kuona, ni maji ya zaidi ya saa 11 yameingia kwa mkupuo.

Na sukari je? Upasuaji wenyewe huipandisha, kwa hiyo wengi hawahitaji nyongeza. Wenye utapiamlo, wale wa miezi michache, na upasuaji mrefu, hao nawapima sukari kwa glukometa na nawachanganyia: mililita 10 za dekstrosi 50% kwenye nusu lita ya Ringer, inakuwa karibu asilimia moja. Kisha naubandika mfuko lebo. Damu ikimwagika sirudishi kwa mchanganyiko huo, natumia Ringer isiyo na kitu.

Ile njaa inayomsumbua mama ina dawa yake kabla hatujafika thieta, chumba cha upasuaji. Maji, au chai ya rangi yenye sukari, mtoto anaruhusiwa hadi saa mbili kabla ya usingizi. Inaniuma sana kumkuta amezuiwa hata maji tangu saa sita usiku, na zamu yake ni saa saba mchana!

Hapa kwetu tuna sababu nyingine ya kuiheshimu dripu. Utafiti wa FEAST, uliotolewa mwaka 2011, ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Waliomiminiwa maji haraka walikufa zaidi ya wasiomiminiwa. Ni suala tofauti na la mezani, ila tangu hapo naandika dripu kama ninavyoandika dawa: jina, kiasi, mwendo, na saa ya kuisimamisha.

Saa ya kuisimamisha ndiyo inayosahaulika. Ninapomkabidhi mtoto wodini namwambia muuguzi wa zamu: Ringer hiihii, asibadilishiwe dekstrosi mfuko ukiisha, mwendo ushuke hadi thuluthi mbili, akitapika tena na tena au akizidi kusinzia niitwe na sodiamu ipimwe. Akinywa uji ukatulia tumboni, dripu itolewe.