Kava ya difu ya F-150 yangu: hesabu bolti kabla hujatoa pesa

Watu watatu walinishauri kuhusu kava ya difu, kile kifuniko cha meno ya ekseli ya nyuma yanayopeleka nguvu ya injini kwenye tairi, wote kwa nia njema, na kama ningewasikiliza mpaka mwisho leo ningekuwa natafuta ekseli nzima. Nimeifunga mwenyewe nje ya nyumba yangu, nimeshaenda nayo Dallas mara nyingi na mzigo mgongoni, na chini ya gari hakuna hata tone. Ndiyo maana naandika.

Gari lenyewe ni Ford F-150 ya 2006, injini ya lita 5.4. Nipo Houston, na watu wetu hapa wakiwa na harusi au msiba, mahema, viti na masufuria makubwa yanabebwa na trela langu. Likijaa nakadiria linagonga tani mbili na nusu. Kutoka hapa mpaka Dallas kwa barabara ya I-45 ni kama maili 240, na mwezi wa Agosti lami inachemka. Difu ya nyuma ndiyo inayobeba adhabu yote hiyo.

Pikapu niliinunua kwa mtu aliyeitoa Ohio, ambako wakati wa theluji barabara zinamwagiwa chumvi. Kava ya kiwandani ni bati lililogongwa kwa mashine likapata umbo la bakuli. Langu lilikuwa limeliwa na kutu ukingo wa chini, likaanza kutoa jasho la oili. Nilipiga simu Mwanza kwa kaka yangu, fundi wa Hilux tangu mimi niko shule ya msingi, nikamwambia nataka kubadilisha kava ya difu.

"Kava gani tena, mdogo wangu? Difu unaitolea mbele."

Ni kweli, kwa Hilux. Kule nyuma ya nyumba ya difu pamechomelewa kabisa. Ukitaka kuona meno unafungua shafti, unachomoa ekseli kushoto na kulia, unalitoa difu zima kwa mbele. Pikapu nyingi za Kimarekani zimefuata njia nyingine: krauni (lile gurudumu kubwa la meno) na pinioni (gia ndogo inayolizungusha) zinakaa ndani ya nyumba yenyewe na unazifikia kwa kufungua kava ya nyuma. Nilipomweleza kwamba yangu haina hata plagi ya kumwagia oili, kwamba ukitaka kumwaga unafungua kava yote, alikaa kimya kidogo halafu akasema, "Basi tafuta kava yenye plagi, hayo mengine mapambo." Huyu hakuwa mmoja wa wale watatu. Hakuwahi kuigusa F-150, na bado ushauri wake ulikuwa bora kuliko wa wote.

Wa kwanza alikuwa muuzaji wa duka la vipuri. Nilimwambia mwaka na modeli, akaangalia kompyuta, akasema F-150 ni inchi 8.8, yaani upana wa krauni, imekwisha. Nikalipa. Nilipolala chini ya gari nikiwa na kava mpya mkononi, bado kwenye nailoni yake, nikaona kitu hakifanani. Nikahesabu bolti za kava ya zamani: kumi na mbili. Nikahesabu matundu ya mpya: kumi. Nikahesabu tena zote mbili. Ford waliifunga F-150 ya miaka hiyo ekseli za aina mbili, ya inchi 8.8 yenye bolti 10 na ya inchi 9.75 yenye bolti 12, na zenye injini ya 5.4 kama yangu kwa kawaida zina hii kubwa. Mwaka na modeli havitoshi. Nashukuru nilikuwa sijafungua hata bolti moja, maana difu ingebaki wazi na duka limefungwa. Walinirudishia pesa, walikata kidogo.

Tangu siku hiyo nimejifunza kusoma gari lenyewe. Kwenye kibandiko cha mlango wa dereva kuna msimbo wa ekseli. Yangu ni H9, maana yake uwiano ni 3.55 (shafti inazunguka mara 3.55 tairi ikizunguka mara moja) na difu ni ile ya limited slip, inayozuia tairi moja kuzunguka bure peke yake. Halafu kwenye bolti moja ya kava kuna kibati kidogo. Nilikisugua kwa brashi ya waya mpaka maandishi yakatokea: 3L55, na pembeni 975. Ile L iliyokaa katikati ya namba ndiyo limited slip. Kibati kile kina ukweli kuliko kompyuta ya duka.

Wa pili ni mzee wangu mmoja tunayeheshimiana sana. Yeye alisema nunua kava kubwa kuliko zote, bapa kwa nyuma, yenye mapezi mengi, hewa ipite ipoze oili. Macho yangu nayo yalikuwa yameshaipenda moja ya namna hiyo, nyeusi, nzito, ya kupendeza. Kilichonizuia ni kufikiri oili inavyotembea. Gari likienda mbele, upande wa nyuma wa krauni unapanda juu. Meno yanachota oili kutoka chini, yanaipandisha kwenye ukuta wa ndani wa kava, inapita juu na kutupwa mbele kwenye beringi za pinioni. Lile umbo la bakuli la bati la kiwandani linaifuata krauni na kuisindikiza hiyo oili. Ukiweka ukuta bapa, oili inaugonga na kurudi, inapigwapigwa na kuchanganyika na hewa kama maziwa ya mtindi kwenye kibuyu. Gale Banks, yule mhandisi wa magari wa Azusa, California, ametengeneza video za majaribio kuhusu jambo hilihili, na kava za kuonekana ndani. Kampuni yake nayo inauza kava, kwa hiyo msikilize ukilijua hilo. Lakini hoja yenyewe niliielewa kwa akili yangu kabla sijamsikiliza, na sijapata mtu wa kuipangua.

Nikachagua ya alumini ya kumimina, ndani imepinda kufuata krauni, yenye plagi ya chini ya kumwagia, na plagi hiyo ina sumaku. Bei ilikuwa juu ya dola mia na nusu, chini ya mia tatu. Hakikisha inakuja na bolti zake, kwa sababu alumini ni nene na bolti za bati hazifiki.

Sasa kuna jambo ambalo sijasikia mtu akilitaja, nalo ndilo linalonifurahisha mpaka leo. Kava ya alumini imetokeza nyuma kuliko bati, na kwenye F-150 tairi la akiba limening'inia pale pale nyuma ya difu. Gari likisimama tupu utaona nafasi ipo. Likibeba mzigo na kuruka shimo, je? Nilichukua udongo wa kuchezea wa binti yangu, ule laini wa rangi, nikatengeneza donge la kutosha ngumi, nikalifunga kwa nailoni ya jikoni na kulibandika kwenye kava mgongoni. Kava nilikuwa nimeishika kwa bolti nne tu, juu ya ile gasketi ya karatasi iliyokuja nayo, bila oili, kwa majaribio. Nikapakia mifuko 12 ya zege, ile ya pauni 80, nikaenda polepole mpaka mwisho wa maegesho, nikapanda ukingo wa barabara na kushuka, mara tatu, mita chache tu kwa sababu difu ilikuwa na unyevu wa oili ya zamani na si zaidi. Binti yangu alisimama kibarazani anauliza, "Baba, utanirudishia?" Donge lilikuwa limebonyea likabaki unene wa kidole gumba. Yaani hata katika hali mbaya kuna nafasi. Kama lingekuwa limekuwa chapati, ningeirudisha ile kava siku hiyohiyo.

Udongo huohuo niliutumia ndani pia. Vipande vinne kwenye ukuta wa ndani, mkabala na krauni, nikafunga tena bolti nne, nikainua tairi zote mbili za nyuma juu ya stendi, gia nyutro, nikazungusha tairi kwa mkono. Kwa limited slip tairi zote mbili zinataka kuzunguka pamoja, kwa hiyo kuinua upande mmoja hakusaidii. Nikafungua, nikaona vipande viko salama, havina alama ya jino. Nikavitoa na kusafisha kila chembe. Udongo nilimnunulia mpya.

Kabla ya hayo yote, plagi ya kujazia. Legeza hiyo kwanza. Kwenye 9.75 iko mbele ya nyumba ya difu, ina tundu la mraba, unaingiza rachi ya inchi 3/8 bila soketi. Yangu ilikuwa imeganda kwa kutu. Nilipulizia dawa ya kutu jioni, nikaipasha joto asubuhi, nikaivuta na bomba refu juu ya rachi. Fikiria umeshamwaga oili yote halafu ndipo unagundua huwezi kujaza.

Wa tatu ndiye aliyenigharimu kweli. Kijana mmoja anayejiita fundi aliniambia silikoni, ile ya tyubu inayopakwa badala ya gasketi, haina ufundi: paka, bandika, piga na bunduki ya umeme ya kukazia bolti, mimina oili, twende. Nilimwamini kwa sababu ilikuwa Jumapili jioni na Jumatatu nilitakiwa kazini. Ile gasketi ya karatasi ilikuwa imeshakunjika kwenye majaribio, nikaona silikoni itatosha. Nikapangusa uso wa chuma kwa kitambaa, nikapaka, nikakaza kwa bunduki mpaka silikoni ikatoka pembeni kama siagi kwenye mkate, nikajaza. Jumatano asubuhi kulikuwa na doa la ukubwa wa sahani. Oili mpya ya 75W-140 ya sintetiki, zaidi ya dola themanini, nikaimwaga kwenye karai ikiwa haijafika maili mia. Nilipofungua niliona sehemu tatu silikoni haikushika kabisa, ilibanduka kama ganda la ndizi, na chini yake chuma kilikuwa bado na utelezi. Oili ya difu haiondoki kwa kitambaa. Tena ukipangusa ukaenda kunywa chai, inateremka nyingine kutoka juu kwenye krauni na kupita pale pale ulipopangusa.

Mara ya pili nilifanya kwa heshima. Niliacha difu wazi usiku kucha, karai chini, ichuruzike yenyewe. Asubuhi nikakwangua silikoni ya zamani kwa kipande cha plastiki kigumu upande wa alumini, kwa wembe upande wa chuma, nikiwa nimefunika krauni na kitambaa kisafi ili vipande visiingie. Breki klina (dawa ya kupulizia inayoondoa oili), kitambaa, breki klina tena, mpaka kitambaa cheupe kikarudi cheupe. Silikoni ile inayostahimili oili ya gia, mstari mmoja usiokatika, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Nikakaza kwa vidole tu, nikaiacha ishike, nikarudi baada ya saa moja na torkirenchi ya kuazima, spana inayopima nguvu ya kukaza, nikakaza kwa kuvuka: moja juu, ya mkabala chini, mpaka pauni-futi 33, ambazo ni kama nyutoni-mita 45. Bunduki ilibaki kwenye boksi. Sikutia oili mpaka kesho yake. Tyubu yenyewe imeandikwa mgongoni muda wa kukauka. Ningeisoma Jumapili ile ningeokoa dola themanini.

Kujaza nako kuna mtego. Kava mpya ina plagi yake ya kujazia, na iko juu kuliko ile ya nyumba ya difu. Ukijaza mpaka tundu la kava umezidisha, na oili iliyozidi inatoka povu, inatafuta kipumulio cha ekseli (tundu la kutolea hewa) au sili za tairi. Mimi kipimo changu ni tundu la asili la Ford, gari likiwa sawasawa na ardhi. Oili ikae chini kidogo ya ukingo. Kava ya zamani ilikuwa inachukua kama lita mbili na nusu, hii ilikunywa zaidi ya tatu. Nunua chupa nne. Na kabla hujamaliza, vuta mpira wa kipumulio uone kama unapuliza. Wangu ulikuwa umejaa tope, na difu isiyopumua inasukuma oili nje hata ukiwa na silikoni ya dhahabu.

Usisahau dawa ya limited slip, aunsi 4, kama chupa ya oili haisemi kwamba imo tayari. Bila hiyo, ukikata kona polepole utasikia difu inatetemeka na kunguruma. Niliimimina, halafu usiku nikaenda kwenye uwanja wa maegesho mtupu nikazunguka mwendo wa namba nane kama mara kumi ili iingie kwenye pleti za klachi zilizomo ndani ya difu ya limited slip. Mngurumo mdogo niliokuwa nimeuzoea kwa miaka miwili ukaisha mzunguko wa sita au wa saba.

Mzee wangu ananiuliza kama inapoza. Nina kipimajoto cha bunduki, na baada ya safari ya kwanza kilionyesha nyuzi chache chini kuliko zamani, lakini siku zilikuwa tofauti na mzigo haukuwa uleule, kwa hiyo hilo silidai. Ninachojua ni kwamba juzi nimebadilisha oili kwa kufungua plagi moja, sikugusa bolti hata moja, na nilimaliza kabla chai haijapoa. Kwenye sumaku kulikuwa na uji mwembamba wa kijivu, hakuna kipande cha kukwaruza kidole. Nikampigia picha kaka Mwanza. Akauliza ile plagi ni saizi gani.

Kibati cha 3L55 nimekihamishia kwenye kava mpya, bolti ya juu kulia, maandishi yakitazama nje.